Mwanafunzi anayelipwa kucheza: Fedha na uhamisho vinavyobadili mpira wa vyuo Marekani

Tulipogusia kwenye kipindi cha michezo kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu Marekani sasa wanalipwa kucheza, wengi mliuliza jambo moja: mtu yuko darasani, analipwaje kama mchezaji wa kulipwa? Hewani muda ulitubana. Hapa tunaeleza taratibu.

Ni mpira gani huu?

Sio soka yetu. Ni futiboli ya Kimarekani: mpira mrefu wenye ncha mbili, wachezaji 11 kila upande, wamevaa kofia ngumu, na mpira unabebwa au kurushwa kwa mkono. Anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi huitwa kwotabeki. Ndiye mwenye thamani kubwa kuliko wote.

Usidhani ni mashindano ya shule za kata. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000. Ule wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, unaingiza 60,000. Vituo vya televisheni hulipa mabilioni ya dola kuonyesha mechi hizi.

Zamani ilikuwaje?

Kwa zaidi ya miaka 100 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilishikilia kwamba hii ni michezo ya ridhaa. Mchezaji alipata ufadhili: ada, chumba na chakula. Basi. Kocha wake aliweza kulipwa hata zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka, lakini yeye akipokea zawadi kwa tajiri shabiki, ni kosa.

Mfano ni Reggie Bush wa chuo cha USC. Mwaka 2005 alishinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Uchunguzi ulipoona kwamba yeye na familia yake walipokea fedha na zawadi, aliirudisha mwaka 2010. Alirejeshewa mwaka 2024, wakati taratibu za fedha kwa wachezaji zimeshabadilika.

Nani alibadilisha mambo?

Mahakama na mabunge ya majimbo. Mwaka 2019 jimbo la California lilipitisha sheria ya kumruhusu mwanamichezo wa chuo kupata fedha kwa jina na sura yake, kwa mfano kwenye matangazo. Juni 21, 2021, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua dhidi ya NCAA katika kesi kuhusu mafao ya kimasomo ya wachezaji. Siku kumi baadaye, Julai 1, NCAA ikafungua mlango wa matangazo nchi nzima.

Mlango ulipofunguka, mashabiki matajiri waliunda mifuko ya kuchangia wachezaji. Kwa jina ilikuwa malipo ya matangazo. Kwa vitendo, mara nyingi ilikuwa fedha ya usajili.

Hatua kubwa zaidi ilikuja Juni 2025. Jaji aliidhinisha makubaliano ya kumaliza kesi nyingine: wachezaji wa miaka ya nyuma watalipwa dola bilioni 2.8 kwa miaka 10, na vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kwa mwaka wa kwanza, kikomo kilikuwa dola milioni 20.5 kwa kila chuo, yaani karibu shilingi bilioni 50 za Tanzania. Katika vyuo vingi vikubwa, sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwenye futiboli.

Uhamisho unafanyikaje?

Hapa ndipo wengi mlipochanganya na soka. Kwetu klabu humuuza mchezaji, na klabu anayotoka hupata ada. Huko mchezaji hauzwi. Anaingiza jina lake kwenye orodha ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2018, na vyuo vingine vinaruhusiwa kumtafuta. Zamani akihama alikaa nje mwaka mzima bila kucheza mechi. Tangu 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo, na tangu 2024 anaweza kuhama tena na tena, mradi masomo yake yako sawa. Baadhi ya vyuo vimeanza kuweka vifungu vya kudai fedha kwa mchezaji anayeondoka mapema.

Nani kafaidika, nani kaumia?

Vyuo vilivyokuwa vinyonge vimepata pumzi. Diego Pavia alihamia Vanderbilt, timu iliyozoea kufungwa. Oktoba 5, 2024 aliiongoza kuifunga Alabama, iliyokuwa namba moja nchini, kwa pointi 40 kwa 35.

Lakini Septemba mwaka huo huo, kwotabeki Matthew Sluka aliondoka UNLV baada ya mechi tatu tu. Wakala wake alisema kijana aliahidiwa dola 100,000 kwa mdomo na hakulipwa. Chuo kilikana. Hapakuwa na karatasi ya kumaliza ubishi.

Wapo pia wanaoingia kwenye orodha na wasipate chuo kingine. Aliyeondoka hivyo anaweza kupoteza ufadhili aliokuwa nao, na masomo yake yakakatika. Na kwa kuwa fedha zinavutwa na futiboli, baadhi ya vyuo vimefuta michezo midogo kama tenisi.

Sisi inatuhusu nini?

Inatuhusu kupitia riadha. Vyuo vya Marekani vimewachukua wakimbiaji wetu kwa miaka mingi: Henry Rono wa Kenya alisoma Washington State, na Suleiman Nyambui wa Tanzania alisoma chuo cha El Paso, Texas. Vijana wa leo wanaota njia hiyo hiyo.

Njia imebadilika. Vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vina kikomo cha wachezaji. Kwa mbio za nyika ni 17. Na kijana anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi anabanwa na sheria za kufanya kazi. Akipokea fedha kama wenzake Wamarekani bila ushauri wa kisheria, anaweza kuhatarisha kibali chake cha kukaa.

Kwa hiyo, mzazi, akija mtu nyumbani na ahadi ya chuo Marekani, muulize haya: Ufadhili ni wa mwaka mmoja au mpaka amalize? Akiumia, nani atamtibu, na ufadhili utabaki? Kocha akihama, mtoto atabaki na nani? Kisha omba yote kwa maandishi kutoka chuoni kwenyewe, na utafute mtu wa kukusomea kabla hujaweka sahihi.