Jua la Merikit lisikudanganye: Elgon ina hali yake ya hewa

Na Mwandishi Wetu, TORORO

MFANYABIASHARA anayetoka Merikit, wilayani Tororo, kwenda kununua vitunguu, kabichi au viazi kwenye miteremko ya Mlima Elgon huanza safari kwenye joto na jua kali. Akiwa amevaa shati jepesi na kandambili, anaweza kudhani siku yote itakuwa hivyo. Lakini anga ya chini haitoi habari za juu.

Mji wa Tororo uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote vya Elgon, kina mita 4,321. Kwa wastani, hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kukiwa na nyuzi 28 Tororo, kileleni huenda ni 10 tu, na hapo hujahesabu upepo, mvua na usiku.

Si lazima ufike kileleni ndipo baridi ikudhuru. Nguo zilizolowa na upepo vinatosha. Ukimwona mwenzako anatetemeka sana, anajikwaa na maneno yanamponyoka, usimwache peke yake wala usimpe pombe. Mvue nguo mbichi, mfunike, mpe chai ya moto yenye sukari, kisha ashushwe.

Saa za kupanda

Asubuhi mlima huonekana wazi. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda na kuwa mawingu, na alasiri mvua hushuka, mara nyingi na radi. Kwa hiyo panda alfajiri, maliza ununuzi mapema, na saa sita mchana uwe umeanza kushuka.

Ukiona radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Zikiwa chini ya 30, ingia kwenye nyumba imara au gari, si chini ya mti. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Udongo unapoteleza

Hatari kubwa zaidi iko chini ya miguu. Machi 1, 2010, maporomoko ya udongo yalifunika kijiji cha Nametsi, Bududa, na watu zaidi ya 300 walifariki au kupotea. Oktoba 11, 2018, mto Suume ulifurika matope na mawe huko Bukalasi, Bududa, ukakumba hata kituo cha biashara. Zaidi ya watu 40 walikufa. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli.

Dalili zipo: nyufa mpya kwenye mteremko, miti inayoinama, maji ya chemchemi yanayogeuka tope ghafla. Mto ukipungua wakati mvua inanyesha, huenda umezibwa huko juu. Usikimbie kufuata bonde; kimbia kwa upande, uende mahali palipoinuka.

Mto chini ya jua

Hata asiyepanda mlima anaguswa. Mto Lwakhakha huanzia Elgon, hupita mpakani mwa Uganda na Kenya, na huko chini ndio tunaouita Malaba. Mvua ya usiku mlimani inaweza kufika bondeni asubuhi wakati anga ni jeupe. Julai 2022, wakazi wa mji wa Mbale walivamiwa usiku na maji ya mito Nabuyonga na Namatala, na zaidi ya watu 20 walifariki.

Anayevusha mzigo kwa njia ya panya, maji yakiwa kiunoni, hujiweka kwenye hatari hiyo ili kukwepa ushuru. Lakini utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaruhusu bidhaa za nchi wanachama zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kuvuka bila ushuru wa forodha kwa hati ya uasili inayotolewa mpakani. Daraja la Malaba au la Lwakhakha ni njia fupi kuliko kaburi.

Kabla ya kuondoka, sikiliza redio upate utabiri wa mamlaka za hali ya hewa za Uganda na Kenya, beba koti la mvua na sweta, na mpigie simu mwenyeji wako wa juu umuulize kulikuchaje. Akisema mvua imenyesha siku tatu mfululizo, ahirisha. Vitunguu vitakuwepo wiki ijayo.