Sura ya Tano: Ukoko wa Kiko

Mtu anunuapo kiko kipya aghalabu hudhani kwamba amekwisha kupata kiko, hali alichokipata kwa hakika ni kipande cha mti kilichotobolewa kwa ustadi. Maana bori, yaani kile kikombe kinachotiwa tumbaku, ndani yake bado ni mti mtupu, na mti tabia yake ni kuungua. Kinachoukinga ni ukoko, lile gamba jeusi la makaa linalojijenga katika kuta za bori, nao hauuzwi dukani: huupika mwenye kiko mwenyewe, kwa moto mdogo, kama ushikavyo ukoko wa wali chini ya chungu.

Wazee wetu wa pwani walivuta kiko cha maji, wakaturithisha majina ya viungo vyake: bori la udongo juu, digali linaloshuka hadi kwenye kifuu au kibuyu chenye maji, na malio, ndiyo ile sauti ya maji yanapobubujika mvutaji avutapo. Kiko cha Kizungu hakina maji, wala hakipaswi kuwa na malio. Lakini bori na digali twaweza kuyatumia humo pia bila ya kuona haya.

Mti unaopendwa kwa kazi hii ni Erica arborea, ambao Wafaransa huuita bruyère, uotao vichakani katika nchi zinazoizunguka Mediterania, kama vile Algeria, Korsika, Kalabria na Ugiriki; nasi tunao jamaa zake katika miteremko ya juu ya Kilimanjaro na Ruwenzori, huko kwenye baridi, msitu ukomapo. Kitakiwacho si shina wala matawi, bali kinundu kinachovimba baina ya shina na mizizi, kigumu, chenye kustahimili harara, ambacho hupasuliwa, kikachemshwa kwa saa nyingi ili utomvu na tanini vitoke, kisha kikakaushwa kwa miezi kadha wa kadha. Mji wa Saint-Claude, katika milima ya Jura, ulijipatia sifa kwa kazi hiyo tangu katikati ya karne ya 19. Kabla ya hapo Ulaya ilivuta zaidi viko vya udongo, na wenye mali wakavuta vile vya jiwe jeupe la Eskişehir, Uturuki.

Mara za mwanzo, bori lijazwe thuluthi tu, kwa vidole vilegevu. Washa kwa njiti ukiizungusha juu ya tumbaku yote. Tumbaku itafura na kuinuka, moto utafifia, nawe uishindilie kwa kitu bapa, taratibu, kisha uwashe tena, kwani moto wa kwanza ni wa kuandaa tu. Baadaye vuta kama mtu anywaye kahawa ya moto, kwa mafunda madogo yenye nafasi baina yake. Na ukiweka bori shavuni ukashindwa kulivumilia, liweke chini lipoe. Lililo muhimu kuliko yote ni kuvuta hadi majivu makavu, maana sakafu ya bori ndiyo ihitajiyo ukoko zaidi, nayo ndiyo wavutaji wengi huiacha na masazo yaliyoloa. Wako wapakao asali ndani ya bori kwanza, wakidai kwamba ukoko hushika upesi. Mimi nimejaribu, nikapata ladha ya sukari iliyoungua kwa muda wa juma zima.

Kiko changu cha kwanza nilikiua mwenyewe. Nilikaa barazani, msimu wa kaskazi, upepo ukiingia moja kwa moja katika bori, nami kwa pupa ya ujana nikawa navuta kama mvukuto wa mhunzi. Mzee mmoja, baharia wa zamani, alisimama akanitazama, nilipokwisha kumwamkia akaniuliza, "Mwanangu, wavuta kiko au wafua chuma?" Nikacheka. Siku ya tatu likatokea doa jeusi nje ya bori, dogo mfano wa chembe ya dengu, na nilipoligusa kwa ukucha, ukucha ukazama.

Kiko kikianza kulia, yaani kikitoa malio bila ya kuwa na maji, ujue ama tumbaku ina unyevu mwingi ama unavuta kwa nguvu, kwa kuwa tumbaku yenyewe iunguapo huzaa mvuke, nao hupoa na kuwa maji ndani ya digali. Pitisha humo waya uliovishwa pamba, kisha ukiache kiko siku nzima kikauke. Usikichomoe kipande cha kinywani kingali cha moto, maana mti uliotanuka hupasuka hapo. Nao ukoko ukizidi unene wa sarafu ukwangue, kwa sababu harara huufurisha kuliko mti, ukaweza kulipasua bori.

Viko vya jiwe jeupe vina sharia nyingine kabisa: havihitaji ukoko, nao ukijijenga huondolewa kila mara, na fahari yake ni kugeuka rangi kutoka weupe hadi hudhurungi. Zama za Tanganyika vilitengenezwa hata Arusha, kwa jiwe la upande wa Amboseli, vikauzwa kwa chapa ya Kiko yenye picha ya ndovu.

Simfichi msomaji kwamba tumbaku ni tumbaku: hata moshi usioshushwa mapafuni, kama ilivyo desturi ya kiko, una madhara kwa midomo, ulimi na koo, avutaye na ajue avutacho. Ama kuhusu raha yenyewe, haiji kwa kishindo. Ule uchungu wa ubao ulioungua, ambao mwanzo huingia katika kila funda, hupungua siku hata siku, na mwenye kiko hatambui umeondoka lini, mpaka siku atakapowasha kingine kipya, akakunja uso.