Kamati ya Udahili Haisikilizi Ushuhuda

Kuna barua ya maombi ambayo wahadhiri wa teolojia huikuta karibu kila msimu wa udahili. Huanza utotoni, katika nyumba ya wacha Mungu. Hupitia ugonjwa mzito au mwaka wa dhiki, ikafika siku mwandishi alipookoka au alipousikia wito, kisha ikamalizia kwa kuomba nafasi ya shahada ya uzamivu ili akawatumikie watu wake. Ikisomwa kanisani ingepigiwa makofi na vigelegele. Kwenye meza ya kamati husukumwa pembeni, maana haijasema kile ambacho kamati ilikaa kukitafuta: huyu mtu anataka kuchunguza nini?

Si kwamba waombaji wa Afrika Mashariki hawana cha kuchunguza. Mwinjilisti aliyezunguka mitaa ya Sengerema kwa miaka kadhaa amezika watu wa madhehebu matatu, amekaa vikao vya kusuluhisha ndoa, ameona waumini wakienda kwa mganga Ijumaa na kushiriki meza ya Bwana Jumapili. Mwalimu wa madrasa Tanga amesikia maulidi yakibishaniwa na pande mbili, kila upande na hadithi zake mkononi. Mwanafunzi wa Chicago angelazimika kuomba ruzuku, kujifunza lugha na kupanda ndege ili ayafikie hayo. Mwombaji wetu anayo nyumbani, lakini kwenye barua anayageuza kuwa cheti cha tabia njema.

John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alikuwa na kila sababu ya kuandika ushuhuda. Alisoma Makerere, akaenda Chuo cha Barrington huko Rhode Island, Marekani, kisha Cambridge, ambako alihitimu udaktari mwaka 1963. Alichokibeba hadi Cambridge kilikuwa swali gumu kutoka kwao. Wakamba, kwa maelezo yake, waliuona wakati ukielekea zaidi nyuma, kwa waliotangulia, kuliko mbele. Je, watu wa namna hiyo waliyasikiaje mahubiri ya wamisionari kuhusu kiyama na mwisho wa dunia? Kulijibu kulihitaji Kigiriki cha Agano Jipya, na kulihitaji pia mtu aliyekulia Ukambani. Hoja hiyo ya wakati ndiyo iliyobeba kitabu chake maarufu cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, ambamo alizifanya “sasa” na “zamani” kuwa istilahi za kitaaluma. Wasomi walimpinga kwa miongo kadhaa, na wengine wanampinga mpaka leo. Mwombaji yeyote angefurahi kupata wapinzani wa aina hiyo.

Kabla ya swali, hata hivyo, kuna uamuzi ambao waombaji wengi huuruka: wanakwenda kusoma teolojia au taaluma za dini? Hawa ni ndugu wasiokaa nyumba moja. Mwanateolojia huuliza akiwa ndani ya imani, naye ana wajibu kwa kanisa au jumuiya yake. Mtaalamu wa dini huuliza kama mwanahistoria au mwanaanthropolojia, na si lazima aamini anachokichunguza. Nchini Marekani mpaka huu una historia ya mahakamani. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ilikataza usomaji wa Biblia wa kiibada katika shule za umma, lakini ikasema kwamba kufundisha kuhusu dini kama somo lolote jingine kunaruhusiwa. Miaka iliyofuata vyuo vikuu vya majimbo vikafungua idara za dini. Uingereza, Ninian Smart alianzisha idara kama hiyo Lancaster mwaka 1967.

Kutojua tofauti hiyo kunagharimu. Mfano rahisi ni Princeton. Katika mji huo mdogo wa New Jersey kuna taasisi mbili zisizo na uongozi mmoja: chuo kikuu chenye Idara ya Dini, na seminari ya Kipresbiteri iliyoanzishwa mwaka 1812. Anayetuma barua ya wito wa uchungaji kwenye ile idara amekosea mlango, na anayetuma seminarini pendekezo la kuchunguza dini bila kugusa imani huenda akashangaza watu.

Shahada zenyewe nazo zina makabila yake. Kati ya zile za uzamili, MDiv ni ya miaka mitatu na kwa desturi ndiyo inayoandaa wachungaji. MTS ya Harvard na MAR ya Yale ni za miaka miwili, kwa anayetaka taaluma zaidi kuliko madhabahu. Shule ya teolojia ya Harvard, iliyofunguliwa mwaka 1816, inapokea Waislamu, Wabudha na wasio na dini yoyote, hata kwenye MDiv. Hilo huwashtua wazee wa kanisa wanapoombwa kusaini fomu.

Na hapo ndipo lilipo swali la nani anamtuma mwombaji. Padri wa Kikatoliki kwa kawaida haombi mwenyewe. Askofu ndiye anayeamua kwamba jimbo linahitaji mtaalamu wa Maandiko au wa sheria za Kanisa, kisha anampeleka Roma, pengine Gregoriana, iliyoanzishwa mwaka 1551, au Urbaniana, ambayo mizizi yake ni chuo cha wamisionari cha mwaka 1627. Njia ya huko ina ngazi zake: bakalaureati, lisensiati, udaktari. Padri anaweza kuwa na akili ya kupigiwa mfano na bado akaambiwa kwamba mwaka huu jimbo linahitaji mhasibu. Charles Nyamiti wa Tabora alipata bahati ya kutumwa mbali. Alihitimu udaktari wa teolojia Louvain, Ubelgiji, akasoma muziki Vienna, na baadaye akawa miongoni mwa walimu wa mwanzo wa taasisi ya Nairobi iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki (CUEA). Kitabu chake cha 1984 kinamtazama Kristo kama mhenga wetu, na humo Mtakatifu Thomas wa Akwino anakutana na wazee wa Unyamwezi.

Walutheri na Waanglikana huwa katikati: mtu anaomba mwenyewe, ila fedha na likizo vinapita dayosisi. Mpentekoste wa kanisa linalojitegemea hana wa kumtuma wala wa kumzuia, na ndiye anayehangaika zaidi na barua za mapendekezo.

Barua hizo zastahili neno. Askofu akiandika kwamba kijana ni mnyenyekevu, mwaminifu katika sadaka na mwenye mke mmoja, amesaidia sana ombi la MDiv. Kwa ombi la udaktari amesaidia kidogo mno. Kinachotakiwa huko ni mhadhiri anayekumbuka kwamba mwanafunzi huyu aliandika tasnifu kuhusu jambo fulani, alikosea mahali fulani, akarekebisha kwa njia fulani. Mhadhiri wa namna hiyo hapatikani kwa kupigiwa simu wiki moja kabla ya dirisha kufungwa. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu Desemba au mwanzoni mwa Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba, wakati ambao ofisi nyingi za kwetu ziko mapumziko ya Krismasi na anayegonga muhuri wa matokeo amekwenda Moshi.

Uingereza na Scotland mambo huenda kinyume. Udaktari wa huko kwa kawaida ni miaka mitatu ya utafiti, hauna miaka ya vipindi kama wa Marekani, kwa hiyo mwombaji huanza kwa kumtafuta msimamizi na kumtumia pendekezo. Esther Mombo, aliyefundisha miaka mingi Limuru, alihitimu Edinburgh mwaka 1998 kwa tasnifu juu ya nafasi ya wanawake wa Kiluhya katika Ukristo wa Kikweka nchini Kenya, kuanzia 1902 hadi 1979. Mtu akiisoma mada hiyo mara moja tu anajua ni watu gani, kanisa gani, miaka ipi. Pendekezo linalosema “Ukristo na utamaduni wa Kiafrika” lingehitaji maisha matatu na maktaba mbili.

Kwa Waislamu ramani ni nyingine. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichofunguliwa mwaka 1961, huwapa wanafunzi wa kigeni malazi, posho na tiketi, na pamoja na Al-Azhar ya Cairo kimewasomesha masheikh wengi wa pwani na bara. Ni elimu ya ndani ya dini, yenye uzito wake. Anayetaka kuutazama Uislamu kihistoria huelekea SOAS ya London, au Hartford huko Connecticut, ambako jarida la taaluma za Kiislamu lililoanza mwaka 1911 linaendelea kuhaririwa. Wapo waliopita pande zote mbili. Abdulaziz Sachedina, mzaliwa wa Tanganyika, alisoma India na Iran kabla ya kuhitimu udaktari Toronto, na kitabu kilichomtambulisha kinahusu imani ya Mahdi kwa Mashia Ithnaasharia, imani aliyokua nayo nyumbani.

Lugha ndizo zinazowaangusha wengi kimyakimya. Ujerumani, vitivo vya teolojia huulizia mitihani ya Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, na vingi vya Kiprotestanti humtaka mtahiniwa wa udaktari awe mshiriki wa kanisa. Marekani, atakayefanya Agano la Kale ataombwa Kiebrania, na juu yake Kijerumani na Kifaransa cha kusomea. Lakini mwombaji wetu anazo lugha ambazo hazitaji. Aliyehitimu madrasa na anayeielewa Qurani badala ya kuikariri tu ana Kiarabu cha kuanzia. Anayesoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu amefungua makabati ambayo wataalamu wengi wa dini hawawezi kuyafungua: miswada iliyoko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, SOAS na Hamburg, ukiwemo Utenzi wa Tambuka ulioandikwa mwaka 1728.

Na maswali yanasubiri humo humo. Mwaka 1923 mmisionari wa Kianglikana, Godfrey Dale, alitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili. Mwaka 1953 ikatoka ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya. Mwaka 1969 ikakamilika ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwanazuoni wa Zanzibar. Hizo ni tafsiri tatu ndani ya miaka 46, na kila iliyofuata inaijibu iliyoitangulia, mara nyingine kwa ukali usiofichwa. Hapo kuna tasnifu kadhaa, na anayeweza kuziandika vizuri ni mtu ambaye Kiswahili hakujifunza kwenye kozi ya kiangazi.

Fedha. Udaktari kwenye vyuo vikuu vikubwa vya Marekani kwa kawaida hauna ada na unakuja na posho, ndiyo maana nafasi ni chache kiasi cha kukatisha tamaa. Panapouma ni uzamili, ingawa kuna afueni: Notre Dame, kwa mfano, huwaondolea ada wanafunzi wa MTS. Norway, iliyokuwa kimbilio la wengi kwa kutotoza ada, ilianza kuwatoza wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2023. Vyuo vya umma vya Ujerumani bado kwa sehemu kubwa havitozi, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, ambako tangu 2017 wageni hao hulipa euro 1,500 kwa muhula, na kwa bahati mbaya Tübingen na Heidelberg ziko huko. Watahiniwa wa udaktari husamehewa. Kwa Wakristo wa kiinjili kuna shirika la Langham, lililoanzishwa na John Stott, ambalo hugharamia udaktari kwa matarajio kwamba mtu atarudi kufundisha kwao.

Kurudi, au kutoondoka kabisa, nako ni chaguo lenye heshima yake. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo, Limuru, kilianzia Freretown, Mombasa, mwaka 1903, katika kijiji cha watumwa walioachwa huru, kikahamia milimani mwaka 1930. Makumira, karibu na Arusha, imekuwa ikiwafundisha wachungaji wa Kilutheri tangu miaka ya 1950. Vyuo vya Hekima na CUEA viko Nairobi. Kwa anayechunguza makanisa ya hapa, kuwa karibu na makanisa hayo ni faida ambayo posho ya dola hailipi.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu wanaouza. Mijini kumejaa “Dokta” wa neno la Mungu waliovalishwa joho kwenye ukumbi wa hoteli baada ya kulipia, wengine kwa jina la chuo cha Marekani ambacho Marekani kwenyewe hakina jengo wala ithibati. Seminari halali za Marekani na Kanada kwa sehemu kubwa ni wanachama wa ATS, chombo chao cha ithibati. Barani Afrika ACTEA inafanya kazi hiyo kwa vyuo vya teolojia vya Kikristo. Tanzania, shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ili itambuliwe kabla mwenye nayo hajaajiriwa chuoni. Orodha ya wanachama wa ATS iko wazi kwa kila mtu, na kuitazama hakulipiwi ada ya maombi.