PASI YA MWAKA YA DISNEY: INALIPA AU NI CHANGA LA MACHO?

Wadau, likizo za shule zikikaribia tu, Wabongo na Wakenya wengi walioko Florida huanza kuulizana swali moja: hivi hii pasi ya mwaka ya Disney inalipa kweli, au ni njia nyingine ya kutukamua? Swali ni la haki kabisa. Kwa familia ya baba, mama na watoto wawili, hela inayozungumziwa hapa ingeweza kumpeleka mmoja wenu nyumbani kuwaona wazee na kumrudisha. Siyo jambo la kuamua mbele ya dirisha la tiketi huku mtoto anakuvuta shati.

Kwa hiyo leo tukae chini tupige hesabu taratibu.

KWANZA, NINI KINAUZWA?

Walt Disney World ilifunguliwa Oktoba 1971 karibu na mji wa Orlando. Wakati huo mtu mzima aliingia kwa dola 3.50, halafu michezo unailipia kwa kuponi. Siku hizi pale kuna bustani nne: Magic Kingdom, ambayo ndiyo ya kwanza, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Hii ya mwisho ndiyo yenye kijiji cha kuigiza cha Afrika Mashariki kinachoitwa Harambe, na lori la kuzungushia watu waone wanyama linaitwa Kilimanjaro Safaris. Mtoto aliyezaliwa Tampa anafurahi kuona Kiswahili ukutani, na mzazi aliyekulia Morogoro anajiuliza kwa nini analipa dola kumwangalia twiga!

Tiketi ya siku moja haina bei moja. Tangu 2018 bei inabadilika kufuatana na tarehe. Mwaka 2021 ilikuwa kati ya dola 109 na 159. Desemba 2022 wakaanza kupanga bei kwa kila bustani pia, na siku za msongamano Magic Kingdom ikafika dola 189.

Pasi za sasa zilianza kuuzwa Septemba 2021, aina nne. Pixie Dust ilikuwa dola 399, Pirate dola 699, Sorcerer dola 899 na Incredi-Pass dola 1,299, kodi bado. Bei hizo zimepanda mara kadhaa tangu hapo. Mimi nitatumia za 2021 ili pasi na tiketi tuzilinganishe za mwaka mmoja. Wewe weka bei ya siku utakayonunua, hesabu ni ile ile.

Pixie Dust na Pirate ni za wakazi wa Florida peke yao. Sorcerer ni ya wakazi na wanachama wa mpango wa nyumba za mapumziko za Disney. Mtu wa Texas au Minnesota ananunua Incredi-Pass tu.

Tofauti kubwa kati ya hizi pasi haiko kwenye michezo, iko kwenye SIKU. Pixie Dust haikuruhusu wikiendi wala vipindi vya sikukuu. Kadiri unavyoongeza hela, ndivyo kalenda inavyofunguka. Kwa maneno mengine, wewe hununui bembea, unanunua tarehe. Shika hilo, maana ndilo litakaloamua kila kitu.

HESABU YA HARAKA HARAKA (NA KWA NINI INADANGANYA)

Hesabu wanayoifanya wengi ni hii. Pasi nne za Pixie Dust ni dola 1,596. Tiketi nne za siku moja kwa bei ya chini, dola 109, ni dola 436. Ongeza paking ambayo ilikuwa dola 25 kwa gari (wenye pasi hawalipi), unapata dola 461 kwa siku. Gawanya. Siku ya nne hela yako imerudi! Watu wakifika hapo wanatoa kadi.

Ngoja kwanza. Nani alikwambia kwamba bila pasi ungenunua tiketi ya siku moja moja mara nne? Tiketi ya siku nyingi hushuka bei kwa kila siku unayoongeza, na karibu kila mwaka Disney hutoa tiketi za punguzo za siku tatu au nne kwa wakazi wa Florida. Hiyo ndiyo mshindani halisi wa pasi. Tuseme umepata ya siku nne kwa dola 220 kwa mtu, yaani dola 55 kwa siku. Familia ya wanne ni dola 220 kwa siku, jumlisha paking 25, jumla 245. Sasa gawanya tena zile dola 1,596. Hela inarudi siku ya SABA, siyo ya nne.

Kwa Incredi-Pass ndiyo usiseme. Dola 1,299 kwa tiketi za dola 109 ni siku 12 kwa mtu mmoja, na hapo bado hujailinganisha na tiketi ya siku nyingi. Mtu anayeruka kutoka Minneapolis mara moja kwa mwaka akakaa siku tano hana sababu ya kuigusa.

Kanuni ya kwanza basi: linganisha pasi na njia ya bei rahisi kabisa ambayo ungeitumia kweli. Usiilinganishe na ile bei kubwa kuliko zote iliyobandikwa mlangoni.

UTAENDA MARA NGAPI? SEMA KWELI

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, na siyo Waafrika tu. Mwaka 2006 wanauchumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha utafiti kuhusu watu wanaojiunga na jimu za mazoezi Marekani. Wanachama waliokuwa wakilipa zaidi ya dola 70 kwa mwezi walikuwa wakienda wastani wa mara 4 na kidogo tu kwa mwezi. Maana yake kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati jimu hizo hizo zilikuwa na kadi ya ziara kumi kwa dola 10 kila moja. Watu walilipa zaidi kwa sababu siku ya kujiandikisha walikuwa wanamhesabia mtu mwingine: yule wa kwenye ndoto, anayeamka alfajiri kila siku.

Kuna utafiti mwingine wa zamani zaidi, wa Hal Arkes na Catherine Blumer, 1985. Waliangalia wanunuzi wa tiketi za msimu za ukumbi wa maigizo wa chuo kikuu cha Ohio. Waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi kuliko waliopewa punguzo, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu tu. Baada ya hapo tofauti ikayeyuka. Uchungu wa hela nao una muda wake! Pasi ya mwaka nayo ndivyo inavyoweza kwenda: miezi ya mwanzo mnakimbizana nayo, ikifika mwezi wa nane ipo tu kwenye simu.

Dawa yake siyo kujiapiza. Dawa ni kalenda. Chukua ratiba yako ya kazi na ya mwenzako, weka na kalenda ya shule. Zungushia siku ambazo wote mko ofu, watoto hawako shule, na pasi unayoifikiria inaruhusu. Kwa familia nyingi za kwetu, huyu anabeba boksi mchana, yule anahudumia wagonjwa usiku, zitabaki siku chache kuliko mlivyodhani. Angalia Pixie Dust: inaruhusu Jumatatu hadi Ijumaa, na watoto wako darasani Jumatatu hadi Ijumaa. Kinachobaki hasa ni siku za kazi za Juni na Julai, kwenye joto la Florida na mvua ya radi ya mchana. Shule zenyewe zinafunguliwa Agosti mapema.

Ukishazungushia, kata nusu. Kuna mtoto ataumwa, kuna harusi Atlanta, kuna msiba, kuna ovataimu ambayo huwezi kuikataa. Nusu iliyobaki ndiyo namba ya kugawanyia.

Na usisahau barabara. Kutoka Tampa ni maili kama 70, mnaweza kuingia saa tisa mchana mkatoka saa tatu usiku na kesho kazini. Kutoka Miami ni zaidi ya maili 230 kwenda tu. Hapo ni petroli ya maana, na pengine na hoteli juu.

VITU AMBAVYO PASI HAIFANYI

Hairuki foleni. Njia ya haraka, Lightning Lane, inalipiwa kivyake hata kama una pasi ya bei ya juu kuliko zote.

Haiazimwi. Getini wanachukua alama ya kidole. Shangazi akija kutoka Mwanza hawezi kuingia na pasi yako. Lakini angalia upande wa pili: kama nyumba yako ndiyo inayofikia kila mgeni, na kila mgeni lazima apelekwe Disney, basi mwenyeji mmoja mwenye pasi anaokoa tiketi yake na paking kila safari. Hapo pasi MOJA inaweza kulipa hata kama nne hazilipi.

Hailishi watoto. Bahati nzuri Disney World wanaruhusu kuingia na chakula chako na vinywaji visivyo vya kilevi, mradi siyo kwenye chupa za kioo. Chapati na kuku wa jana vinaokoa hela nyingi. Usidhani kila bustani nchini ina utaratibu huo.

Na haikuhakikishii nafasi. Hili lilifika mahakamani. Mwaka 2021 Disneyland ya California iliuza pasi ya Dream Key kwa dola 1,399 ikitangazwa kwamba haina siku zilizofungwa. Wenye pasi walipojaribu kuweka nafasi walikuta baadhi ya siku zimejaa kwao, huku tiketi za siku moja zikiendelea kuuzwa kwa siku hizo. Kesi ikafunguliwa, na 2023 kampuni ikakubali kumaliza kwa dola milioni 9.5 bila kukiri kosa. Wenye pasi walikuwa zaidi ya laki moja, kila mmoja akaambulia dola 67 hivi. Somo: maneno mawili ni tofauti, "siku haijafungwa" na "siku ina nafasi". Soma yote mawili kabla ya kulipa. Kwa Florida, tangu Aprili 2023 wenye pasi wanaweza kuingia baada ya saa nane mchana bila kuweka nafasi, isipokuwa Magic Kingdom Jumamosi na Jumapili.

HAYA MALIPO YA KIDOGO KIDOGO

Wakazi wa Florida wanaruhusiwa kulipa kianzio cha dola 205, kisha kinachobaki kwa miezi 12 bila riba. Kwa Pixie Dust ya 2021 ilikuwa chini ya dola 19 kwa mwezi kwa mtu. Inasikika kama bei ya soda. Lakini familia ya wanne kianzio ni dola 820 siku ya kwanza, halafu dola 73 na ushee kila mwezi. Huo ni mkataba wa miezi 12. Mkipunguziwa saa za kazi mwezi wa tano, deni haliondoki. Kama dola 820 zinakuuma leo, hilo ni jibu tosha.

KWA WALIOKO NJE YA FLORIDA

Wengi wenu mko karibu na bustani za Six Flags, ambako pasi ya msimu mara nyingi hulipa kwa ziara mbili au tatu tu. Hesabu ni nyepesi, ila nayo ina lake. Bustani inaweza kufungwa! Six Flags America ya Maryland, waliyoizoea Waafrika wengi wa eneo la Washington, ilifunga milango moja kwa moja Novemba 2, 2025. Na 2020 Disney World yenyewe ilifungwa kuanzia katikati ya Machi hadi Julai kwa sababu ya Korona. Kwa hiyo nunua ya mwaka huu kwa matumizi ya mwaka huu.

SASA NANI ANUNUE?

Nunua kama uko mwendo wa saa moja au moja na nusu, una siku za ofu katikati ya wiki, na watoto bado hawajaanza shule lakini wameshatimiza miaka mitatu. Walio chini ya mitatu wanaingia bure, usiwanunulie chochote. Nunua pia kama familia yako inaridhika na jioni ya saa tatu nne na kurudi nyumbani. Huyo ndiye pasi ilitengenezwa kwa ajili yake.

Usinunue kama uko mbali, kama siku zako ni wikiendi tu na unatazama ile pasi ya bei ndogo, au kama namba yako baada ya kukata nusu haifiki siku ya saba. Nunua tiketi ya siku nne, itumieni vizuri, piga picha, mmemaliza. Watoto watakumbuka siku nne nzuri. Hawatakumbuka pasi.

Kazi kwenu wadau. Wenye pasi tupeni namba: mwaka jana mliingia mara ngapi? Msituambie mlipanga mara ngapi, tuambieni mliingia mara ngapi.