Je, Wajua? Kumi na Mmoja Bora wa Kriketi Kenya

Ukiuliza sokoni Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira, shujaa wa michezo ni nani, huenda ukatajiwa wakimbiaji watupu. Lakini je, wajua kwamba mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, nahodha akiwa Steve Tikolo? Anayeteua kikosi bora cha nyakati zote humwandika Tikolo kwanza. Maurice Odumbe hayuko mbali: Februari 1996, mjini Pune, Kenya ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikawafyeka West Indies wakiwa na 93, yeye akiangusha wiketi 3.

Ubishi huanzia kwa warushaji. Collins Obuya aliangusha wiketi 5 za Sri Lanka jijini Nairobi mwaka 2003. Mimi, hata hivyo, simwachi Aasif Karim wa Mombasa, aliyekuwa ameshastaafu akaitwa tena akiwa na miaka 39. Dhidi ya Australia, pale Durban, katika Kombe hilohilo la 2003, alirusha mpira polepole, karibu kivivu: ova 8 na mipira 2, mikimbio 7 pekee, wiketi 3, mojawapo ya Ricky Ponting. Tena huyohuyo aliwahi kuichezea Kenya tenisi, katika Davis Cup.