Sanaa Bila Vipimo Haiajiri Diani
Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa na michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu nchini Kenya. Ni hatua njema, lakini Diani, katika Kaunti ya Kwale, penye hoteli tele, ajira inataka zaidi ya mkono mzuri. Hoteli ikiagiza mikeka ya ukindu, hutaka vipimo sawa, rangi zisizopishana, bei na siku ya kukabidhi. Hayo yafundishwe, pamoja na mikataba na hakimiliki, inayolindwa na sheria ya 2001. Wapo wanaohofu kwamba biashara itaua ubunifu. Mbona wasusi wa Kidigo huuza mikeka, na ususi wao ungali hai? Vyuo anuwai vya vijana viko chini ya kaunti, basi mafunzo haya yanaweza kuanzia huko. Kwale iwaalike wasusi na wanunuzi wa hoteli wazikague kazi za wanafunzi.