Kuhamisha Daftari la Kompyuta Bila Kufunga Mlango



Katika vikao vya Lodwar na Kakuma mmetuuliza: "Ile kompyuta inayotunza hesabu zetu ikihamishwa, pesa zetu zitapotea?" Ni swali la haki. Mara ya kwanza tulipohama, tulikosea. Tulibadilisha anwani asubuhi, jioni tukazima kompyuta ya zamani. Makatibu wa upande wa Kakuma waliendelea kutuma malipo kwenye anwani iliyokufa. Mama mmoja aliyekuwa amemaliza mkopo wake akasomwa mbele ya kikundi kama mdaiwa. Risiti alikuwa nayo, lakini aibu ilikuwa imeshampata. Tulimwomba msamaha. Mara ya pili tulifanya vizuri zaidi, na ndiyo tunayowaeleza leo.

KOMPYUTA HIYO IKO WAPI?

Haiko ofisini kwetu. Tumeipanga, na iko Nairobi. Mashine moja kubwa imegawanywa kwa programu kama nyumba ya kupangisha: vyumba vingi, kila mpangaji na kufuli lake. Chumba kimoja wataalamu wanakiita seva pepe.

Kila seva ina namba yake, anwani ya IP. Ile ya kawaida ni mafungu 4 ya tarakimu yenye nukta katikati, kila fungu kuanzia 0 hadi 255. Dunia nzima namba za aina hii ni kama bilioni 4.3 tu, nazo hazitoshi. Kwa kawaida namba huwa ya kampuni inayopangisha. Ukihama kampuni, unaiacha kama mpangaji anavyoacha namba ya chumba.

Simu ya katibu haikariri namba hiyo. Inajua jina tu. Intaneti ina daftari la majina linalosema jina fulani liko kwenye namba fulani. Shida ni hii: mitambo ya njiani ikishauliza mara moja, inalikumbuka jibu kwa muda, pengine siku nzima. Ukibadilisha namba leo, wengine watapelekwa kule kwa zamani hadi kesho.

MFANO WA KISIMA

Hili sisi watu wa Turkana tunalijua. Kiangazi tunachimba visima kwenye laga. Kisima kikianza kukauka tunachimba kingine mbele. Je, tunafukia cha zamani siku hiyo hiyo? Hapana! Mchungaji aliyeondoka na mbuzi wiki mbili zilizopita hana habari. Atarudi pale pale na mifugo yenye kiu. Kwa hiyo kwanza tunahakikisha kisima kipya kina maji, halafu tunaweka mtu kwenye kile cha zamani awaelekeze wanaofika. Kuhamisha seva ni kazi hiyo hiyo.

HATUA TULIZOFUATA

1. Kupunguza muda wa kukumbuka. Siku kadhaa kabla ya kuhama, fundi alibadilisha muda huo kwenye daftari la majina, kutoka sekunde 86,400 (siku nzima) hadi sekunde 300 (dakika 5). Kisha tukangoja zaidi ya siku moja ili majibu ya zamani yasahaulike.

2. Kujenga na kujaribu. Seva mpya iliwashwa ya zamani ikiwa bado inafanya kazi. Tukanakili hesabu zote. Makatibu wawili wakatuma malipo ya majaribio, tukayaona yamefika, tukayafuta.

3. Kuweka daftari moja tu. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Seva mbili zikiandika kwa wakati mmoja, mnakuwa na vitabu viwili visivyolingana. Usiku, watu wakiwa wamelala, fundi alinakili mistari ya mwisho. Kisha seva ya zamani ikaacha kuandika. Ikabaki kama mlinzi wa mlango: anayebisha, inampitisha kwa seva mpya.

4. Kubadilisha namba. Hapo ndipo jina lilipoelekezwa kwenye namba mpya.

5. Kutoharakisha kuzima. Tuliiacha seva ya zamani wiki mbili, tukiangalia nani bado anabisha huko. Kumbe simu chache ziliwekewa namba kwa mkono badala ya jina! Tukawapigia wenye simu hizo mmoja mmoja. Tulipoona hakuna anayebisha tena, tukahifadhi nakala, tukafunga.

NA KAMA NI LAZIMA KUFUNGA?

Wakati mwingine haiepukiki. M-PESA ilianza Kenya mwaka 2007, na mitambo yake ilikuwa Ujerumani. Ilipohamishiwa Kenya mwezi wa Aprili 2015, huduma ilisimamishwa kwa saa kadhaa, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, na wateja walitangaziwa mapema. Kufunga kwa muda si dhambi. Kosa ni kufunga bila kuwaambia watu, kwa sababu mtu wa mbali hana namna ya kujua.

KAZI YENU WANAVIKUNDI

Msitupe kitabu cha karatasi. Kila mkutano, mweka hazina asome kitabu na katibu asome simu, wanachama wote wakisikia. Visipolingana, msimwite mtu mdaiwa kwanza. Ulizeni ofisi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ofisi ikitangaza kuhama, nani atawapelekea habari wanachama walio mbali na mifugo?

2. Simu ya katibu wetu imewekewa jina au namba? Nani anajua kuangalia?

3. Kikundi kikibadilisha namba yake ya simu, laini ya zamani itabaki wazi kwa muda gani, na nani atakuwa anaipokea?

Tuleteeni majibu yenu katika mkutano ujao.